Talaka imetoka, nyumba inauzwa: haki yako ya kukaa inaishia wapi, na utahamia wapi?

Kila talaka ya mtu maarufu inapovuma mitandaoni, mjadala huishia kwenye nyumba. Nani atabaki nayo, hati ina jina la nani, ni lazima iwe nusu kwa nusu? Kwa aliye ndani ya talaka yenyewe, swali linalomkosesha usingizi ni jingine: siku mnunuzi akija kuchukua funguo, mimi na watoto tutalala wapi?

Haya ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni la mgawo, yaani kila mmoja anapata kiasi gani. La pili ni la makazi, yaani nani anakaa wapi, kuanzia lini hadi lini, na kwa fedha ya nani. Mahakama hujibu la kwanza kwa sababu kila mdaawa, yaani mwenye kesi, hulileta. La pili usipoliomba mwenyewe, hukumu inaweza kutoka bila kuligusa, ukajikuta umeshinda asilimia 40 ya nyumba huku umelala sebuleni kwa dada yako.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, ambako talaka na mali za ndoa husimamiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama za Kadhi.

Maneno matatu ya kushika kwanza

Nyumba ya ndoa ni ile ambayo mume na mke wanaishi pamoja kama makazi yao, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mali ya ndoa ni neno pana zaidi: ni mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa jitihada za pamoja, iwe kiwanja, gari, shamba au duka. Mara nyingi nyumba ya ndoa ni mali ya ndoa pia, lakini si lazima. Nyumba ya kupanga ni nyumba ya ndoa, ila hakuna cha kugawana hapo. Tuzo ya talaka ni uamuzi wa mahakama unaovunja ndoa. Hii ya tatu ndiyo watu huidharau, na tarehe yake ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Sababu ni hii. Ndoa ikiwa hai, sheria inamkataza mmoja kuuza, kugawa bure, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akifanya hivyo kwa siri, mwenza aliyebaki ana haki ya kuendelea kuishi humo, isipokuwa kama mnunuzi hakujua, na hata angeulizia kwa makini asingeweza kujua, kwamba kuna mwenza. Vilevile mwenza aliyetelekezwa hawezi kufukuzwa na yule aliyemtelekeza. Ulinzi huu ni mkubwa, na watu wengi wanaamini unadumu mpaka mali igawanywe.

Haudumu hivyo. Haki hiyo ya kukaa imefungwa kwenye ndoa, na ndoa ikivunjwa nayo inaisha. Kinachobaki ni fungu lako katika mali, na fungu halikupi kitanda. Kwa hiyo kati ya siku ya tuzo na siku ya kupokea fedha za mauzo kuna pengo, ambalo kwa nyumba isiyouzika haraka linaweza kuwa la miezi mingi. Ombi la nani akae humo wakati nyumba inatafutiwa mnunuzi linapaswa kuwemo kwenye maombi ya talaka tangu mwanzo. Ukisubiri hadi hukumu isomwe, umechelewa.

Nusu kwa nusu, na mengine yanayosemwa mtaani

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ndicho kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, au kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe. Hakisemi nusu kwa nusu. Kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kupima hayo, mahakama ielekee kwenye usawa. Kuelekea kwenye usawa hakumaanishi kufika huko kila mara, na ndiyo maana hukumu za asilimia 60 kwa 40 au 70 kwa 30 ni za kawaida.

"Hati ina jina lake, basi ni yake." Jina kwenye hati ni dhana ya kuanzia, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Yakiwa majina mawili, dhana ni kwamba wana haki sawa.

"Mama wa nyumbani hana alichochangia." Hili lilijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni jitihada zinazohesabika katika kuchuma mali. Wanaoitaja kesi hiyo mara nyingi huishia hapo, ingawa sehemu ya pili inafundisha vilevile: Bi Hawa mwenyewe hakupewa fungu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikuwa amepewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa kuisaidia familia akazitumia ovyo. Kanuni ilishinda, mwombaji akashindwa. Mchango unahesabika, lakini unapimwa, na mwenendo wako kuhusu mali ya familia unapimwa pia.

Kupimwa kunahitaji ushahidi. Anayedai amechangia ndiye wa kuthibitisha: risiti za saruji, nondo na mabati, taarifa za benki na za simu zinazoonyesha malipo kwa fundi, mkataba wa mkopo wa SACCOS au kikoba, na shahidi kama fundi mwenyewe au jirani aliyeona ujenzi ukipanda. Kwa kazi za nyumbani, eleza kwa miaka na kwa vitendo: watoto waliolelewa, mgonjwa aliyeuguzwa, duka lililosimamiwa bila mshahara. Sentensi moja ya "nilimsaidia sana" haimpi hakimu cha kushika.

"Aliyeondoka nyumbani kapoteza haki." Kuondoka hakufuti mchango. Kunachofuta mara nyingi ni ushahidi, kwa sababu nyaraka hubaki ndani. Kabla ya kuondoka, au mapema iwezekanavyo baadaye, pata nakala ya hati au mkataba wa mauziano wa kiwanja, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na picha za nyumba ilivyo.

"Talaka ya karatasi imeshamaliza kila kitu." Talaka iliyotolewa kidini haigawi mali. Ili mahakama igawe, ni lazima kwanza ipitie suala la ndoa yenyewe. Utaratibu huanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini iliyotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti, na cheti hicho kisiwe kimepita miezi sita siku unapofungua shauri. Watu wengi hupoteza mwaka mzima hapa, ama kwa kwenda mahakamani bila cheti, ama kwa kukaa nacho kabatini hadi kinapitwa na muda.

Na wasiofunga ndoa? Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke wanadhaniwa kisheria kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama inaweza kuwapa nafuu katika mali na matunzo. Wasifukuzwe kwa kuambiwa "hukuolewa".

Nyumba haigawanyiki ikiwa nzima

Nyumba ya ndoa ni mbuzi wa shirika. Mmoja akitaka chake, ama mbuzi auzwe, ama mmoja amlipe mwenzake thamani ya upande wake, ama wakubaliane afugwe kwanza. Na akichinjwa, mchinjaji hulipwa kabla nyama haijagawanywa.

Njia inayosikika sana ni kuuza, lakini si lazima iwe ya kwanza kufikiriwa. Mmoja kumlipa mwenzake fungu lake ni njia yenye hasara ndogo kwa familia: hakuna dalali, watoto hawahami shule, na hakuna mnunuzi wa kusubiri. Hata kodi inaweza kuwa nyepesi, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina utaratibu maalumu wa mali inayokwenda kwa mwenza au mtalaka kama sehemu ya makubaliano ya talaka, na anayepokea ndiye anayeuchagua kwa maandishi. Kinachokwamisha njia hii ni fedha. Hapo awamu zinasaidia, mradi ziandikwe kwenye amri ya mahakama pamoja na kitakachotokea zikikatika, kwa mfano kwamba awamu mbili zikipita bila malipo nyumba iuzwe.

Kuahirisha mauzo hadi mtoto wa mwisho amalize shule kunawezekana pia, ingawa kunawafunga watalaka wawili pamoja kwa miaka. Kubalini tu kama mnaweza bado kuzungumza kuhusu paa linalovuja bila kwenda baraza la kata. Kugawa nyumba kimwili, wewe vyumba vya mbele na mimi vya uani, hufaa pale ambapo kuna milango, vyoo na njia tofauti. Pasipokuwa hivyo mnagawana ugomvi.

Mkishaamua kuuza, uzeni wenyewe. Mkigoma mpaka mmoja aombe kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, nyumba itakwenda kwa dalali wa mahakama na kuuzwa mnadani. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa huwa na tarakimu mbili: thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, na ya pili huwa ya chini kwa kiasi kinachouma. Mnada hukimbilia hiyo ya pili, kisha gharama za dalali zinakatwa humo humo. Ukaidi wa miezi michache unaweza kula kodi ya nyumba ya miaka.

Bei si fedha yako

Kosa linaloleta msiba wa makazi ni kupanga maisha kwa bei ya nyumba badala ya fedha inayobaki mkononi. Chukua mfano wa nyumba inayouzwa shilingi milioni 80. Benki inadai milioni 18, na deni lenye rehani hulipwa kabla ya yeyote kati yenu. Dalali mliyekubaliana naye asilimia 5 anachukua milioni 4. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na mabadiliko ya mwaka 2023 yaliweka asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kufuata iliyo kubwa, kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Kwa asilimia 3 hiyo ni milioni 2.4. Uthamini, wakili na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi tuseme milioni 1.6. Kinachobaki ni milioni 54. Mwenye asilimia 40 anapata milioni 21.6, na si milioni 32 alizozipigia hesabu alipotoka mahakamani.

Zile risiti za saruji na mabati zinafanya kazi mara mbili. Mahakamani zinathibitisha mchango, na kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) zinapandisha gharama ya nyumba ili faida inayotozwa kodi ipungue. Upo pia msamaha kwa nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, faida ikiwa haizidi shilingi milioni 15. Viwango hivi huguswa na Sheria ya Fedha ya kila Julai, kwa hiyo viulizeni TRA kabla ya kupanga bei, msisubiri hadi mkataba usainiwe.

Kuziba pengo

Sasa makazi yenyewe. Mwenye nyumba wa mjini mara nyingi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya shilingi 200,000 kwa mwezi, kuingia tu kwa kodi ya miezi sita kunahitaji milioni 1.4, kabla ya gari la kuhamisha vyombo. Fedha hii inatakiwa kabla hujatoka, ilhali fedha ya mauzo hulipwa baada ya kutoka, maana mnunuzi mwangalifu hamalizi malipo nyumba ikiwa na watu ndani. Hapo ndipo watu hukwama, na hukwama hata wenye fungu kubwa.

Njia ya kulikwamua fundo hili ni mkataba wa mauziano wa hatua. Mnunuzi atoe malipo ya awali, na kutoka humo kila mmoja achukue kiasi kilicho sawa na gharama yake ya kuingia kwenye nyumba ya kupanga, kikihesabiwa kama sehemu ya fungu lake. Salio likae kwenye akaunti ya wateja ya wakili au kwenye akaunti ya benki inayohitaji saini za wote wawili. Siku 30 au 45 ziwekwe za kuhama, na salio litolewe siku funguo zinapokabidhiwa. Hivi mnunuzi hana hofu ya kudhulumiwa, na hakuna kati yenu anayeondoka mikono mitupu. Msipokee fedha taslimu na kuhesabiana mezani kwa mjumbe. Ugomvi wa "nilikupa" na "hukunipa" hauna dawa baadaye.

Yote haya yaombwe yawemo kwenye amri ya mahakama, au yaandikwe kwenye makubaliano yanayosajiliwa mahakamani: nani anakaa humo hadi mauzo, nani analipa rejesho la benki na pango la ardhi kwa kipindi hicho, mthamini ni nani, bei isishuke chini ya kiasi gani, muda wa kutafuta mnunuzi ni miezi mingapi, fedha zinaingia akaunti ipi, na nini kitafuata muda ukiisha. Amri inayosema tu "nyumba iuzwe na kugawanywa" inaacha kila moja ya hayo yawe kesi mpya. Anayebaki humo peke yake anaweza kudaiwa na mwenzake faida ya kukaa kwa fungu la mwingine, kwa hiyo hilo nalo liandikwe: ama anakaa bure kwa kuwa ana watoto, ama kiasi fulani kikatwe kwake.

Watoto wana mlango wao. Wajibu wa kuwatunza chini ya Sheria ya Ndoa unajumuisha malazi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa wazazi wajibu huohuo. Kodi ya nyumba wanayoishi watoto inaweza basi kuombwa ndani ya matunzo, kando kabisa na mgawo wa mali. Wanawake wengi huombea watoto ada na chakula, wakasahau kwamba mtoto analala pia. Ukija na mkataba wa upangaji au makadirio ya kodi ya eneo lililo karibu na shule yao, hakimu ana tarakimu ya kufanyia kazi.

Panapoharibika

Mkopo unaharibu kimya kimya. Mahakama ikikupa nyumba haikuondoi wala haimwondoi mwenzako kwenye mkataba wa benki. Kama mlisaini wote, benki itawafuata wote. Nendeni benki kabla ya makubaliano, mpate barua ya kiasi kamili cha kufunga deni, na aliyepewa nyumba aombe mkopo uhamie kwake peke yake.

Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha ukweni ni kesi ngumu kuliko zote. Mahakama haiwezi kugawa ardhi ya mtu wa tatu bila kumsikiliza, na baba mkwe akisema "ardhi ni yangu, nilimkaribisha tu mwanangu", unabaki ukidai thamani ya ulichojenga. Ushahidi wa gharama za ujenzi hapo ndio kila kitu. Kwa kiwanja ambacho mmoja alikuwa nacho kabla ya ndoa, mlango haujafungwa: kikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa, mahakama inaweza kukiingiza kwenye mgawo.

Hofu ya kuuziwa kwa siri ina dawa, na dawa yake ni ya mapema. Kwa ardhi yenye hati, peleka maombi ya zuio kwa Msajili wa Hati, ili mtu akija kupekua daftari alione. Kwa kiwanja kisicho na hati, ambacho mauziano yake hufanyika kwa mkataba na mashahidi, peleka barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Shauri likiwa limeshafunguliwa, omba amri ya muda ya kuzuia uuzaji. Barua ile ya serikali ya mtaa inamnyima mnunuzi kisingizio cha kusema hakujua.

Mwenzako akikataa kusaini hati za uhamisho baada ya hukumu, usighushi saini wala usimtafute kwa vitisho. Rudi mahakamani kukazia hukumu. Mahakama inaweza kuagiza ofisa wake asaini kwa niaba ya mkaidi, na uhamisho ukaendelea. Na kabla mnunuzi hajalipa, thibitisheni kwamba muda wa rufaa umepita au hakuna rufaa iliyofunguliwa, la sivyo mnamuuzia kesi.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kupitia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa na mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC. Aende kabla ya kufungua shauri, akiwa na cheti cha baraza, nakala za nyaraka za nyumba na orodha ya gharama zake za makazi kwa mwezi, maana maombi yakishaandikwa bila kipengele cha makazi, kukiongeza baadaye ni kazi na gharama juu ya gharama.